Mupaka Katikati ya Parsele ya Mama Bénite

Miye jina yangu Hulda, lakini hapa Butembo hakuna mutu ananiitaka vile. Niko Mama Bénite, mama ya mikate. Kama haukukulaka mukate yangu, basi ulikuwa mbali sana ao ulikuwa mugonjwa. Naongea mingi, ile najua, na hasira yangu inapandaka mbio. Bwana yangu Vagheni, marehemu, alisemaka ati siku ya ndoa walimupatia bibi na redio kwa mara moja, na redio haina fasi ya kuzimia. Maleria ilimuchukua mwaka ya tisini na munane. Akaniachia batoto bane, parsele moja, ni kusema kiwanja, na furu ya matofali ya kupikia mikate nyuma ya nyumba. Ile furu njo ilikuwa inatulisha.

Mwaka ya elfu mbili vita ilikuwa ingali. Barebelle, bale baasi, njo balikuwa banatawala, bakubwa babo balikaa Beni, na siye ba Butembo tulikuwa tunapokea maneno yabo kwa karatasi. Ile wakati karibu kila mutu alifanya biashara ndani ya nyumba, sababu ukifungua duka kule katikati ya muji, batu ba bunduki banakuja kukufungia. Jirani moja alificha chumvi chini ya kitanda. Mwingine aliweka magunia ya kahawa mu chumba ya mama-mukwe, na mama-mukwe analala juu yake. Miye nilipika mikate nyuma, nikauzisha ku dirisha ya chumba yangu ya kulala. Kila asubui nilikuwa nafungua pazia, nakuta mustari ya batu bananiangalia na mafuta ya nywele ingali ku kichwa yangu. Nilizoea.

Siku moja akakuja Éliakim. Éliakim alikuwa agent wa biro ya mipango ya muji, mutu mwembamba, kalamu tatu ku mufuko ya shati, na moja tu njo ilikuwa inaandika. Alikuwa client wangu. Hata ile siku, mukate yangu ilikuwa mu mufuko yake ya koti, naiona vile imevimbisha kitambaa. Akatosha karatasi, akakohoa.

“Mama Bénite, arrêté, amri ya bakubwa, imetoka Beni. Parsele ya kukaa ni ya kukaa. Parsele ya biashara ni ya biashara. Mutu hapana uzisha kitu fasi analala, na hapana lala fasi anauzisha kitu.”

“Na wewe mukate umenunua wapi leo?”

“Mama, miye niko kazini.”

“Na mukate pia iko kazini. Iko inakupatia nguvu ya kunifungia.”

Hakucheka. Ile njo ilinishitua, sababu Éliakim anachekaka. Akapita nyuma, akaangalia furu, akachovya burashi mu kopo ya rangi, akachora musalaba mwekundu ku matofali yangu. Ile musalaba, batu bote balijua maana yake. Siku makumi tatu, halafu banakuja na nyundo. Furu hauwezi kuipandisha ku chukudu, ile kigari ya mbao, ukaipeleka fasi ingine, ukiibomoa imekufa. Na kule ku parsele za biashara, mwanamuke mujane atalinda unga yake na nini? Na kijiko?

Nililia mbele yake. Sina haya ya kusema. Nilikaa ku gogo ya kuni, nikalia, na Éliakim akabakia amesimama na burashi yake ikidondosha rangi ku kiatu.

“Bon,” akasema mwishowe, na sauti ya chini. “Sheria inaangalia parsele, hapana mutu. Kama furu ingelikuwa ku parsele ingine, ya mutu mwingine, na mupaka katikati, miye ningeona bitu bibili. Huku nyumba ya kukaa. Kule atelier, fasi ya kazi. Atelier yenyewe hakuna mutu analala. Na ningeandika vile nimeona.”

“Mupaka ya namna gani?”

“Mupaka ya kweli, mama. Hapana kamba ya kuanika nguo.”

Basi nikafikiri. Mutu mwingine, nani? Nikachagua shemeji yangu Josaphat, mudogo wa Vagheni. Josaphat alikuwa mulimaji kule Vuhovi, mutu ya polepole. Ukimusalimia asubui, anaweza kukuitika saa sita. Muji haikumupendeza. Alikuwa anakuja Butembo mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili viatu bilimuumiza. Nikasema: huyu njo muzuri. Tunaandika jina yake, anarudia ku maboga yake, anasahau.

Sasa mutu ya mbali atauliza kosa yangu iko wapi. Kosa iko hapa. Kwetu siye Banande, mupaka hapana karatasi. Karatasi inaliwaka na panya. Mupaka ni ile miti ya majani marefu, munaipanda kwa mustari. Batu babili banashika muti moja pamoja, mukono juu ya mukono, bashahidi banaangalia, halafu batu bote banakunywa. Kutoka pale hakuna mutu anaweza kuing'oa peke yake. Ukiing'oa peke yako, hata kama ulipewa na mzazi wako, batu batakufukuza, utaenda kuishi na nyani. Ile nilijua tangu niko mutoto. Mais nilijidanganya ati kwa sababu tunafanya tu kwa kumuonesha Éliakim, miti nayo itajua ni muchezo.

Siku ya kupanda, diakoni Ésaïe wa kanisa yetu akakuja kuwa shahidi. Siye tuko Baprotestanti, pombe hatukunywake. Lakini mupaka bila kasikisi haisimame, batu bote banajua, hata diakoni. Kwa hiyo nililetesha kasikisi ya ndizi, na diakoni akakunywa yake mu kikombe ya chai, na sahani chini, na kijiko anazungushia, ili kama pasta anapita, asikie ile sauti ya sukari. Akazungusha vile bikombe bine.

Josaphat alifika na kamba yake mwenyewe. Akanyoosha mustari, akafunga jicho moja, akaurudilia. Akageuka.

“Shemeji, upande ile ya furu ni yangu?”

“Ni yako, shemeji.”

“Ya kweli?”

“Ya kweli. Panda, jua inatoka.”

Akafikiri kidogo, akaniangalia tena. “Mbele ya hii batu unasema ni yangu.”

“Aka, Josaphat, tupande.”

Tukapanda. Mukono yake juu ya yangu, ngumu, na udongo mu kucha. Miye nilikuwa nacheka kwa ndani. Kesho yake Éliakim akapima na kamba yake ya kupimia, ile ilikatika zamani ikabakia metre tatu tu, kwa hiyo alipima kidogo kidogo akiweka mawe. Akafuta musalaba. Akaandika: parsele mbili. Nikamupatia mikate mibili, moja kwa kila parsele.

Miezi mitatu tulikaa muzuri. Nilikuwa napita mupaka asubui kama mutu anaenda kazini, na Bénite binti yangu ananiaga ku mulango: “Safari njema, mama.” Kartie, mutaa muzima, ilicheka, na miye nilicheka nabo.

Halafu Josaphat akaanza kuja.

Akakuja Samedi moja, siku ya kutangulia siku ya Mungu, na furushi ya poro, ile mboga ya kufanana na kitunguu, ku kichwa. Hakuingia kwangu. Alizunguka na nyuma, akasimama ku upande yake, akaangalia. Akang'oa majani. Samedi ya kufwata akakuja tena, akapanda shu, ile kabichi, kando ya furu yangu. Nikasema, sawa, shu haikule mukate. Samedi ya tatu akaniuliza, na heshima yote: “Shemeji, hii majivu, ni nani anamwangaka hapa kwangu?”

Hapa kwangu. Nilikuwa na beseni ya unga mu mikono, kidogo niiangushe.

Batu ba mustari ku dirisha balifurahi sana. “Mama Bénite, mwenye parsele amekuja, umemusalimia?” Mwingine: “Atakupandishia feza ya kupanga.” Nilikuwa nabajibu, na nabapunguzia mukate kidogo, mais ndani moyo ilianza kuwaka. Sababu Samedi moja nilimukuta Josaphat anatembea kutoka furu mpaka kwa fensi, polepole, miguu imenyooka, anahesabu ku mudomo. Kumi na mbili. Akageuka. Tisa. Akarudilia.

Mutu anahesabu hatua vile anataka kujenga nyumba, sivyo? Na siye bajane tunajua vile inaanzaka. Kwanza shu. Halafu mbuzi moja. Halafu shemeji anasema furu inamutilia moshi. Halafu siku moja batoto ba marehemu banajikuta ku barabara na sufuria. Nilimuogopa Josaphat, njo ukweli. Mutu mwenyewe hajasema neno mbaya hata moja, na miye nilikuwa namuogopa kuliko basoda.

Ile wakati pia Éliakim aliniambia, akitafuna, ati kule Beni bakubwa balikuwa sasa banapigana benyewe kwa benyewe, na hakuna mutu anauliza tena habari ya furu. “Arrêté haikufa,” akasema. “Imelala tu.” Nikasema ilale muzuri. Nikakimbia kwa diakoni Ésaïe.

“Papa diakoni, mupaka inang'olewaka namna gani?”

“Vile ilipandwa. Bale bale batu babili, bale bale bashahidi.” Akalamba mudomo. “Na ile ile kinywaji.”

“Na kama Josaphat anakatala?”

“Basi ni yake, Mama Bénite. Uliitoa wewe mwenyewe. Miye nilikuwa pale na kikombe yangu.”

Nikatuma habari Vuhovi na mama moja wa kuuzisha maharagi: Josaphat akuje siku ya Mungu kisha ibada, tung'oe mupaka. Jibu ikarudia na yeye yule mama, neno moja tu: atakuja. Basi. Hakuuliza juu ya nini. Ile ndiyo ilinitia woga zaidi, sababu mutu hana maswali ana mipango. Juma muzima nilipika mikate na kinywa yangu inatumika. Nilitayarisha maneno yote. Atasema hivi, nitajibu vile. Bénite alipita nyuma yangu akasema, “Mama, unga haikugombane na wewe.”

Siku ya Mungu ikafika. Diakoni alikuwa pale mapema, na kikombe alileta yake. Éliakim naye alikuja, ati kama agent lazima aone parsele mbili zinarudia moja; mais jicho yake ilikuwa ku mutungi. Tukangoja. Jua ikapita ku kichwa. Nikaanza kusema, munaona, anajificha.

Halafu Josaphat akatokea na njia ya nyuma, jembe ku bega. Na nyuma yake bibi yake Katungu, matela ya kulalia imekunjwa ku kichwa. Na nyuma ya Katungu batoto, mustari, sita, na kila mutu amebeba kitu: sufuria, kuku, biblia, kiti moja yenye miguu mitatu.

Hasira ikanipanda mpaka ku macho. Nikasema ndani: kumbe njo mayele, ujanja yake. Anakuja kuhamia kabla ya kung'oa. Anaweka batoto ku udongo, halafu nani atabaondosha?

Sikungoja salamu. Nilianza. Nilimuambia Josaphat yote ya juma muzima, na mengine ilikuja yenyewe. Nikamuambia kaka yake anaona. Nikamuambia shu yake niliivumilia, poro niliivumilia, na hatua kumi na mbili nilimuona, asifikiri sikumuona. Batoto bake balisimama banasikiliza, na kuku pia. Josaphat aliacha nimalize. Anajuaka kungoja, ule mutu.

“Shemeji,” akasema, “uliniita tung'oe. Tung'oe.”

Akaenda ku muti ya kwanza. Akapiga jembe mara mbili kuzunguka, akailegeza, akaweka mukono yake ku shina. Akaniangalia. “Weka mukono.”

Mukono sikuweka. Ile maneno yangu yote ya kugombana, hakuna fasi ya kuyaweka. Nikamugeukia Katungu, sababu macho lazima iende fasi.

“Katungu, na ile matela munaipeleka wapi?”

Katungu akaangalia bwana yake. “Alisema nisiseme kabla ya kazi kuisha.”

“Sema.”

Akashusha matela. Upande moja ilikuwa imeungua, nyeusi. “Jeudi, siku ya ine ya juma, basoda balipanda milima, banatafuta Bamai-Mai, bale bapiganaji ba musitu. Balichoma nyumba za upande yetu. Tulilala siku tatu mu miti. Tuko tunaenda Beni, ku Mulekera, kuko mutu moja wa kanisa tunamujua. Tukasema tupitie huku kwanza. Alisema aliahidi.”

Kwa miguu. Kutoka pale mpaka Beni, na miguu, na mutoto wa mwisho mwenye hajapata miaka mitatu. Nikaangalia ile mutoto, miguu yake nyeupe na vumbi mpaka ku magoti. Nikaangalia mukono ya Josaphat ku muti. Ile kipande ya udongo, hatua kumi na mbili kwa tisa, njo kitu moja alibakia nayo mu dunia muzima, na alikuja kunirudishia sababu nilimuita.

“Josaphat. Ulikuwa unapima nini pale, zile Samedi?”

Akapata haya, mutu muzima vile. “Hakuna kitu nilikuwa napima, shemeji. Nilikuwa napenda tu kutembea. Sikukuwaka na kitu mu muji.”

Nilienda kumupokonya jembe. Alishika kidogo, hakuelewa, nikavuta.

“Hapana ng'oa.”

“Lakini uliniita.”

“Nilikuita tukunywe. Miye nilikupatia hii fasi mbele ya batu. Ulifikiri nilikuwa nacheza?”

Nilikuwa nacheza. Kartie muzima ilijua nilikuwa nacheza. Diakoni Ésaïe akaangalia ndani ya kikombe yake, akazungusha kijiko polepole, na hakuna mutu alicheka. Nikapiga magoti, nikarudisha udongo ku shina na mikono, nikaukandamiza, na nilikuwa nalia tena, mbele ya Éliakim tena. Josaphat akapiga magoti upande yake, akanisaidia kukandamiza.

Éliakim akakohoa. Ni kazi yake, maskini.

“Mama Bénite, samahani. Kama hii batu banalala pale, basi kule tena hapana atelier. Ni nyumba ya kukaa. Na furu iko ndani yake.”

Tukamuangalia bote. Nilikuwa nimetosha mikate ya jana, nimeigawa, na batoto sita balikuwa banakula bamesimama, bila kusema, namna mutu anakula akiwa anangoja banamunyanganya. Éliakim akabaangalia mpaka akaacha kuangalia. Akatosha karatasi. Akajaribu kalamu ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaandika.

“Hii batu ni jamaa yako?”

“Ni jamaa yangu.”

“Na batoto bako bane, na wewe. Batu kumi na tatu.” Akaandika. “Sheria haikatazi mutu kupikia jamaa yake. Kwa jamaa ya hii ukubwa, ile ni jiko. Naandika jiko.”

“Na dirisha?” akauliza diakoni, ile kasikisi imemufungua kinywa.

“Leo ni siku ya Mungu. Sikuona dirisha.”

“Wasingya, aksanti, Éliakim,” nikasema. Akakunja karatasi, akachukua mukate ya jana yenye ilibakia, akaenda.

Tulitengeneza fasi ya kulala ku upande ya furu, fasi ilikuwa na moto ya matofali usiku muzima. Josaphat alisema vita ikiisha atarudia Vuhovi. Nikasema ndiyo, ikiisha. Haikuisha ile mwaka, na mwaka ya kufwata pia haikuisha, na siku moja akaniuliza kama anaweza kukata matofali. Nyumba yake njo ile unaiona pale, yenye mabati ya bluu. Miti ya mupaka imepita paa. Tunagombana na yeye karibu kila juma juu ya majivu, na Katungu ananisaidia kugombana. Josaphat anajua muzuri juu ya nini nilimuita ile siku ya Mungu. Mpaka leo hajanikumbusha hata mara moja.